Tramu za Kale Katika Machimbo ya Crich

Katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, kiko kijiji cha mlimani kiitwacho Crich. Mgeni akwenda huko huuona kwanza mnara wa ukumbusho wa askari waliokufa vitani, uliofunguliwa mwaka 1923. Chini ya mnara huo huona jambo asilolitazamia kabisa: mtaa mzima wa mji, wenye sakafu ya mawe, taa za njiani na nyaya za umeme, umekaa ndani ya machimbo ya kale ya mawe ya chokaa. Machimbo hayo yaliwahi kuwa mali ya kampuni ya George Stephenson, yule fundi mashuhuri wa magari ya moshi, naye ndiye aliyejenga reli ya kuteremshia mawe mpaka kwenye matanuri ya Ambergate katika miaka ya 1840. Sasa katika machimbo hayo hupita tramu, yaani magari ya abiria yaendayo juu ya reli za barabarani kwa nguvu za umeme.

Watu wa Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na vigari vyao vya reli, lakini vile vilisukumwa na watu, jasho likiwatiririka, huku bwana ameketi kivulini. Tramu ya umeme haikuhitaji msukumaji. Kwa hiyo miji mingi ya Uingereza iliipenda, na kwa muda wa nusu karne wafanyakazi na watoto wa shule walikwenda na kurudi ndani yake. Kisha mabasi yakaja, na mji baada ya mji ukang'oa reli zake. London iliacha tramu mwaka 1952, Leeds 1959, Sheffield 1960, na Glasgow 1962. Magari yalivunjwa, mengine yakachomwa moto.

Mwezi wa Agosti mwaka 1948 watu wachache wapendao tramu walikwenda Southampton kuziaga za mji ule, kwa maana zilikuwa karibu kuondolewa. Walipopata habari kwamba gari walilopanda, namba 45, lingeuzwa kama chuma chakavu, walichanga fedha wakalinunua kwa pauni 10, yaani shilingi 200 za siku zile. Kununua kulikuwa rahisi. Je, mtu aweka wapi gari la ghorofa mbili? Hawakuwa na banda wala kiwanja, na gari lao lilihamishwa huku na huku kwa muda wa miaka mingi. Mwaka 1955 waliunda chama, mwaka 1959 wakapata machimbo ya Crich, na mwaka 1964 tramu ya kwanza ya umeme ikachukua abiria pale. Kabla ya hapo, mwaka 1963, walianza kwa kutumia farasi.

Gari hilo namba 45 lilijengwa mwaka 1903, na umbo lake lina sababu yake. Katika mji wa Southampton limo lango la kale la mawe, liitwalo Bargate, na njia ya tramu ilipita chini ya tao lake. Gari refu lisingeweza kupita. Kwa hiyo ghorofa ya juu haikuwekewa paa, na abiria waliketi juu ya benchi moja ndefu katikati, wamepeana migongo, nyuso zao zikielekea barabarani. Aliyesimama wakati wa kupita langoni alijihatarisha kichwa.

Lakini si magari yote yaliyofika Crich yakiwa mazima. Gari namba 7 la Chesterfield, lililojengwa mwaka 1904, lilikuwa limegeuzwa nyumba ya kukaa watu, hata likarudishwa katika hali ya tramu miaka ya 1990. Gari la namna hii likiingia karakanani, maseremala hutangulia. Hubandua mbao za nje na kutazama mifupa ya ndani, na mara nyingi nguzo zilizo karibu na sakafu zimeoza kwa maji ya mvua ya miaka mingi. Mafundi wa umeme hufungua mota, huondoa nyaya zilizoungua na kuzisuka upya kwa shaba, kwa sababu mota hiyo itapokea umeme wa volti zipatazo 600, na kosa dogo huweza kuwasha moto. Magurudumu huchongwa tena mpaka yawe duara kamili. Mpaka rangi naye hukwangua polepole, tabaka baada ya tabaka, mpaka aione rangi ya kwanza. Kisha hupaka upya, huandika jina la mji kwa dhahabu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kufunika yote kwa vanishi.

Hapo ndipo ugomvi wa mafundi huanzia. Nguzo iliyooza nusu, je, iondolewe yote au iungwe? Ukiondoa kila kilichochakaa, mwisho utakuwa na gari jipya lenye jina la zamani. Ukiacha kila kitu, gari halitabeba mtu. Tena, lirudishwe katika hali ya mwaka gani: ile ya siku lilipotoka kiwandani, au ile waliyoijua wazee waliolipanda mwisho? Wengine husema heri lisitembee kabisa, kwa kuwa kila safari hula chuma kisichopatikana tena. Neno hilo lina haki yake. Lakini tramu iliyosimama ni sanduku tu. Hakuna asikiaye mlio wa mota ikipanda mlima, wala dereva mpya hapati kujifunza kushika breki ya mkono.

Mgeni alipapo kiingilio cha Crich, kwa desturi hupewa peni moja ya kale, sarafu kubwa ya shaba isiyonunua kitu tena nchini humo. Hiyo humpa mkata tikiti. Gari huondoka mtaani, hupita chini ya daraja na kufuata ukingo wa kilima mpaka mwisho wa reli, penye bonde pana. Hapo mkata tikiti hushuka, hushika kamba, na kuuzungusha ufito wa juu ugusao waya, huku dereva akichukua mpini wake na kwenda upande wa pili. Katika magari mengine abiria hugeuza viti vyao. Wale wa ghorofa ya juu ya namba 45 hawakuwa na la kugeuza; walikwisha elekea kando tangu mwanzo.