Bogenvilia za Buruburu

Nilipokuwa mtoto, Buruburu, mashariki mwa Nairobi, ilikuwa mtaa wa ua wa misaipresi. Nyumba zilianza kujengwa miaka ya 70, awamu baada ya awamu, kila moja na kiwanja chake kidogo mbele. Majirani wetu wengi walizungusha msaipresi, maana hukua upesi, na ukikatwa kwa makasi kila mara husimama kama ukuta.

Kisha wakaja vidukari wa msaipresi. Walionekana Malawi mwaka wa 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameshaingia Kenya. Kwetu walianzia upande wa lango. Matawi yakawa ya kahawia, utomvu ukanata kila mahali, sisimizi wakaufuata, halafu ukungu mweusi kama masizi. Mama akanyunyiza maji ya sabuni jioni baada ya jioni. Wapi! Tawi la msaipresi likishakauka halichipui tena. Tukabaki na fito.

Hapo ndipo akina mama wa mtaa walipoacha kuulizana ua lipi linapendeza, wakaanza kuulizana lipi litavumilia. Waridi za Mama zilijaa madoa meusi kila mvua ya Aprili, majani yakapukutika. Kana zilirefuka kumpita mtu, nyekundu kweli kweli, ila zikashikwa na kutu. Oleanda jirani aliing'oa mwenyewe. Ile ni sumu, na mtaa ulijaa watoto.

Bogenvilia ikashinda. Mama aliomba vijiti vya unene wa kidole gumba kwa jirani, akavichomeka mvua ilipoanza. Udongo wetu wa Eastlands ni ule mweusi, unaong'ang'ania viatu Aprili na kupasuka Februari hadi ukakata mizizi. Bogenvilia haikujali. Tena mifereji ilipokauka ndipo ilipochanua zaidi. Ukiinywesha mno inakupa majani matupu. Ikapanda hadi dirisha la ghorofani, na miiba yake ikawazuia wezi, kazi ambayo msaipresi haukuiweza.

Baadaye kuta za mawe na vibanda vya biashara vilimeza viwanja vingi. Lakini kama umebakiwa na futi tatu kando ya lango, chomeka bogenvilia mvua ya Machi ikianza, uipogoe kila inapomaliza kuchanua. Waridi lipande kwenye chungu, penye jua na hewa. Msaipresi usiurudie.