Kibaba Kimoja cha Maji



Leo tumekusudia kueleza kisa kilichotupata sisi wenyewe hapa mtaani kwetu, mjini Lamu, ambacho tulikaa nacho kifuani muda mrefu kabla ya kuthubutu kukiandika. Si kisa cha fahari. Lakini mwalimu anayewafunza watoto wa watu kusema kweli hana budi naye kuisema, hata inapomhusu yeye.

Jirani na msikiti wetu pana nyumba ya mawe ya zamani, na ndani yake anakaa bibi mmoja mtu mzima, mjane. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri humtuma mjukuu wake na buli la chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi kwa ajili ya wanaobaki barazani. Hiyo ndiyo sadaka yake, na hatukumbuki Ijumaa aliyoiacha. Basi siku moja mtu wa kwanza alipiga funda, akakitazama kikombe chake, akanyamaza. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Tulipoonja sisi, tukadhani bibi ameghafilika, ametia chumvi mahali pa sukari. Tukacheka, tukasema kwamba umri nao una mambo yake. Tukamwambia mjukuu, "Mwambie bibi atazame mkebe vyema."

Mtoto akajibu kwa adabu, macho chini: "Mwalimu, si chumvi ya mkebe. Ni kisima chetu. Hii ni wiki ya tatu. Bibi amesema tu chai isikatike."

Hapo kicheko kikatukauka. Kisima cha bibi na kisima cha msikiti vimetenganishwa na ukuta mmoja. Na miezi michache kabla ya siku hiyo kamati yetu ilikuwa imetia pampu ya umeme kisimani, imeweka tangi kubwa juu ya paa, na imepanga mifereji kumi mahali pa kutawadhia. Sisi ndio tuliosoma dua siku ya kuifungua. Birika la kale, lililokuwa likijazwa kwa ndoo na maji yake yakitekwa kwa kata ya kifuu, tuliliezeka mbao tukalisahau. Tuliliona ni alama ya ufukara, na Mungu ametutoa huko.

Wenye kuishi kisiwani yawapasa kujua maji yao yakaaje. Chini ya miguu yetu hamna mto. Muna maji ya mvua yaliyonyonywa na mchanga, nayo, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Maji ya bomba ya mji wa Lamu hutoka katika visima vya vilima vya mchanga vya Shela kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana wazee wetu huvionea wivu vilima hivyo wanaposikia mtu ataka kujenga juu yake. Ukiteka kwa ndoo, maji matamu hupata nafasi ya kurudi. Ukivuta kwa pampu mchana na usiku, maji matamu hushuka na ya chumvi hupanda kuyafuata. Wataalamu wana kanuni yao: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yameteremka, mpaka wa maji ya chumvi chini yake huweza kupanda kwa takriban mita 40. Pampu haijui kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mjane.

Tulirudi nyumbani tukamsimulia mwenzetu wa nyumbani. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo hatukulisoma katika kitabu chochote. "Mwalimu, nyinyi wanaume hufungua mfereji kwanza, ndipo mkaanza kukunja mikono ya kanzu. Sisi tuliochota maji kwa ndoo tangu utotoni hatuwezi. Mkono wenyewe hukataa."

Tulitaka kubisha. Yeye hakubisha, alileta beseni. Akatuambia tutawadhe juu yake kama tunavyotawadha kila siku, tusijifanye. Tulipomaliza, alikwenda stoo akatoa kibaba, kile kile anachopimia mchele wa zaka ya fitri kila mwisho wa Ramadhani. Wasomaji wanajua kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na kwamba pishi ndiyo swaa, na kibaba ndio mudi ya vitabuni, yaani takriban thuluthi mbili za lita. Akaanza kuyapima yale maji, akihesabu kwa sauti. Akafika kumi na kimoja.

Tuliketi kimya. Hadithi ya Anas bin Malik, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tumeisomesha miaka na miaka: kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akioga kwa swaa moja hadi mudi tano, na akitawadha kwa mudi moja. Tumewasahihisha watoto irabu zake. Tumewaeleza tafauti ya mudi na swaa. Wala haikutupitikia hata siku moja kukichukua kibaba na kukipeleka kwenye mfereji. Ilimu ilikuwa juu ya rafu na kibaba kilikuwa stoo, na kati yao alihitajika mwanamke mwenye beseni.

Usiku ule tulifungua tena mlango wa fiqhi unaozungumza juu ya kuhuisha ardhi, ambamo mafakihi wametaja harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo wengine hawaruhusiwi kulivamia kwa jambo litakalokidhuru. Tunajua kwamba kisima kilicho ndani ya milki ya mtu kina maneno yake mengine, na kwamba pengine mtu angetutetea, akasema msikiti umetumia haki yake ndani ya mpaka wake. Hatukuutaka utetezi huo. Msikiti si mfanyabiashara anayetafuta upenyo wa kisheria mbele ya mjane. Na kanuni ya kwamba mtu asidhuru wala asilipe dhara kwa dhara huijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Asubuhi tulikwenda kwa bibi kumtaka radhi. Alitukaribisha ukumbini, akatusikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, maji ni ya Mwenyezi Mungu, nami nimekwisha kusamehe. Lakini mngeniuliza mapema ningewaambia. Mimi nakijua kisima changu tangu nilipoolewa nikaletwa humu. Wiki ya kwanza tu ya pampu yenu sabuni ilikataa kutoa povu."

Hakuna aliyemuuliza. Katika kikao cha kamati kilichopitisha pampu walikuwamo wahasibu, mafundi na masheikh. Hakuwamo mtu hata mmoja aliyekuwa akifua kwa maji ya kisima.

Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukayasema yote haya mbele ya watu, pamoja na hesabu ya vibaba kumi na kimoja. Tuliwakumbusha maana ya aya ya 41 ya Suratu Rum, inayotufunza kwamba uharibifu wa bara na baharini umedhihiri kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mji wetu umepata kusimama imara katika mambo makubwa. Tangu Agosti 2017 nchi nzima imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na mara nyingi tumetoka na watoto wa madrasa kuokota takataka ufukweni. Mwaka 2019 mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira ilibatilisha leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa katika kaunti yetu, baada ya wakazi kukataa na kufuatilia shauri lao kwa miaka. Tuliweza kusema na wakubwa. Mfereji wetu wenyewe ndio uliotushinda.

Si wote walioridhika. Mzee mmoja aliinuka baada ya sala akasema, "Mwalimu, tumetoka kwenye kata, leo wataka turudi kwenye kata?" Kabla hatujajibu, nahodha mstaafu aliyeketi karibu na nguzo alimjibu kwa upole: "Bwana, jahazini tulikuwa na pipa moja la maji na watu ishirini. Anayemwaga maji safarini hatukumwona tajiri. Tulimwona adui. Na kisiwa ni jahazi lililotia nanga."

Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza kikao. Kamati ikakubaliana pampu iwashwe kwa muda mfupi mara mbili kwa siku. Mifereji mitano ikafungwa, na mitano iliyobaki ikabadilishwa, ikawekwa ya kubonyeza inayojifunga yenyewe. Birika likasuguliwa, likafunguliwa, kata zikarudi, na milizamu ya paa ikaelekezwa humo ili mvua za masika zisiishie njiani. Maji yaliyokwisha kutawadhiwa, ambayo kwa madhehebu yetu ni tohara ingawa hayatoharishi tena, yakachimbiwa mkondo hadi kwenye mikomamanga na migomba iliyo uani. Na upande wa ukuta wa bibi tukatoa bomba dogo kutoka kwenye birika, alifungue apendapo. Tulisisitiza lisiandikwe katika daftari la sadaka. Ni haki yake.

Kina mama nao hawakungoja kuagizwa. Waliona kwamba kwenye harusi na futari watu hufungua chupa ya maji, hunywa nusu, na huiacha chini ya kiti, na sahani za kutupa hufika baharini kabla ya maharusi kufika nyumbani. Wakakusanya masinia na vikombe vya bati kutoka majumbani, wakavifanya wakfu wa mtaa, na anayefanya shughuli huviazima na kuvirudisha vikiwa vimeoshwa. Watu wanne watano kwenye sinia moja: hakuna mgeni katika hilo.

Tungependa kuwaambia kwamba kisima cha bibi kimepona. Hakijapona. Baada ya masika, maji ya kisima cha msikiti yamepoa chumvi, lakini ya kwake bado hayanyweki, na mafundi wanasema huenda ikachukua misimu mingi. Radhi yake tumeipata kwa siku moja. Maji yake hatujui yatarudi lini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumejifunza kwamba haba na haba pia hukausha kisima, na anayekikausha anaweza kuwa mtu mwema aliyemo katika ibada.

Chai ya Ijumaa ingali yaja, sasa kwa maji ya mvua yaliyopita juu ya paa la msikiti. Tukipokea kikombe, huonja maji kwanza kabla ya kuonja sukari.

Ombi letu kwenu ni dogo. Wiki hii, kabla ya sala moja tu, wekeni beseni chini ya mfereji wa nyumbani, tawadheni kama kawaida yenu, kisha mpime kwa kibaba cha fitri mbele ya watoto. Msiwafokee wala msifokeane. Hesabuni tu kwa sauti. Na penye kikao cha kuamua mambo ya maji, kina baba, muulizeni kwanza anayefua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyamwaga, amrudishie jirani yetu maji yake, na atufanye miongoni mwa wenye kutenda wanayoyasomesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.