Mwizi wa kando ya bahari

Tulisoma La Route, kitabu cha Cormac McCarthy kilichotoka Marekani mwaka 2006, kiisha tukaangalia filme yake ya 2009, ya John Hillcoat. Dunia imeungua, ni majivu tu. Baba na mutoto wake wanaenda kusini, wanasukuma kigari. Kando ya bahari mwizi anawaibia vyote. Baba anamukamata, anamuvua nguo zote, hata viatu.

Katika kitabu tulikuwa upande wa baba, sababu tulitembea naye toka mwanzo. Lakini katika filme tulimuona mwizi mwenyewe, uchi, anatetemeka. Tulinyamaza. Mutoto analia mpaka baba anarudisha zile nguo. Mwizi hayuko tena, wanaziacha njiani.

Na sisi kapita wenu? Mwezi uliopita tulimunyanganya mwanafunzi mudogo bulangeti, sababu aliiba sabuni. Tulisema ni haki. Usiku ule wa filme tulimurudishia. Alikuwa amelala, amejikunja, tulimufunika. Deni ya sabuni ataifanyia kazi siku ya posho, na sisi pamoja naye.