JAMAA WA MAJENGO ANA BASTOLA SITA UKUTANI, SWALI LA BIBI YAKE LIKAMMALIZA!

Wadau, stori ya leo inatoka Majengo, Dodoma, sio mbali na soko. Kuna jamaa, jina kapuni, hajafika thelathini, kazi yake useremala. Wenzake wanakusanya raba na jezi, yeye anakusanya bastola za vita kuu mbili za dunia.

Tulia, usipige simu polisi kwanza! Ni za mbao. Anaangalia picha mtandaoni, anachukua vipimo, anachonga mninga, anapiga msasa, anapaka rangi nyeusi. Haitoki hata punje ya mtama.

Anazo sita. Ipo Luger ya Wajerumani ya mwaka 1908, yenye mpini ulioinama. Ipo Mauser C96 ya mwaka 1896, ile ambayo mfuko wake wa mbao unachomekwa nyuma unakuwa kitako kama cha bunduki. Ipo Webley ya Waingereza ya risasi sita, na Colt ya Wamarekani ya 1911. Za Vita ya Pili ni Walther P38 na Tokarev ya Warusi. Ukimuuliza moja tu, chai yako itapoa.

Akaanza kuziposti, laiki zikamiminika. Kichwa kikavimba. Jioni moja akatoka kupiga picha nje, Luger kiunoni. Mama muuza mboga kuona vile, akaacha beseni akakimbia. Kesho yake mwenyekiti wa mtaa huyo mlangoni: "Mdogo wangu, usiku hakuna atakayekuuliza kama ni mninga. Wakikudhania jambazi, umekwisha."

Na kweli. Wenzetu mbali huko hawachezi na hili. Japani tangu 1971 bastola za maonyesho za chuma lazima ziwe nyeupe au njano na mtutu uzibwe. Marekani bunduki za kuchezea zinawekwa ncha ya rangi ya chungwa. Jamaa akachukua brashi, akapaka ncha zote sita. Roho ilimuuma, Luger ikaonekana toi la mtoto, lakini alipaka. Na toka hapo hazitoki nje.

Sasa kilichommaliza ni bibi yake, alipokuja kutoka Bahi. Akasimama mbele ya ule ukuta, akaziangalia moja moja, halafu akauliza: "Mjukuu wangu, ya baba yangu ni ipi hapa?"

Jamaa akamwonyesha Webley kwa mbwembwe. Bibi akatikisa kichwa. "Baba yangu hakupewa bastola. Alipewa mzigo."

Kimya.

Maana ukweli ndio huo. Bastola zilikuwa za maofisa. Askari weusi walibeba bunduki. Na nyuma yao walikuwepo wapagazi, watu wa vijijini waliokamatwa tu, wakatwishwa risasi na unga kichwani. Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma, na kila jeshi lililopita Ugogo lilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Mvua zilipogoma, ghalani hakuna kitu. Ikaja Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920. Wanahistoria wanakadiria ilichukua watu kama 30,000 hapa Ugogo. Na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa, sio risasi. Ukishuka Kariakoo kununua nguo, jina lenyewe limetokana na kikosi cha hao wabeba mizigo. Lakini pale Posta, kwenye sanamu ya mwaka 1927, aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Sio mpagazi.

Jamaa alikaa siku mbili hachongi. Siku ya tatu akamwomba bibi amsukie ngata, ile ya kuwekea mzigo kichwani. Bibi akasuka kwa majani makavu, huku akimtajia majina ya watu waliokwenda na mizigo wasirudi. Jamaa akayaandika yote nyuma ya kipande cha mbao.

Leo ile ngata iko juu kabisa ukutani, bastola zote sita chini yake. Kaiposti pia. Kwenye ukurasa wake wote, hiyo ndiyo posti yenye laiki chache kuliko zote. Hajaifuta.

Vipi mdau, kwenu kuna mzee anayejua habari za Mtunya? Muulize kabla hajaondoka, halafu dondosha hapo chini alichokwambia.