Mawe ya Engaruka

Sisi walimu hupenda kuulizwa maswali, ila si maswali yote. Liko moja tuliloulizwa darasani likatunyamazisha mbele ya watoto arobaini, nasi twaona yafaa tuwasimulie habari zake, kwani huenda na ninyi mtakutana nalo.

Siku ile tulikuwa tukifundisha habari za nchi iitwayo Belize, iliyo Amerika ya Kati kando ya Bahari ya Karibi. Nchi hiyo ni ndogo kuliko Mkoa wetu wa Arusha, wala haikupata uhuru wake kutoka kwa Waingereza hata mwaka 1981. Lakini maajabu yake ni mengi. Baharini liko shimo la duara, upana wake wapata mita 300, nalo ni la kina kirefu hata maji yake yaonekana ya buluu nzito katikati ya maji meupe. Na barani, ndani ya msitu, yako magofu ya miji ya Wamaya wa kale. Tuliwaeleza watoto habari za Caracol, mji uliokuwa na nguvu nyingi katika miaka ya 600. Jengo lake kuu lina urefu wa mita 43 hivi, na mpaka leo ni katika majengo marefu kabisa ya nchi ile. Tukawaeleza pia jinsi Wamaya walivyovikata vilima kwa matuta ya mawe, ili mvua isichukue udongo wa mashamba yao.

Tulieleza vizuri, au tulijiona twaeleza vizuri. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, na huku kwetu watu wa kale walijenga nini?"

Tukamjibu upesi, "Huku kwetu tulipewa mlima." Darasa lote likacheka, na kengele ikalia. Lakini yule msichana hakucheka.

Jibu letu halikuwa uongo. Shule yetu iko chini ya Mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,560 juu ya bahari, nao ni wa pili kwa urefu katika Tanzania, baada ya Kilimanjaro. Mtu autazamapo kutoka mjini Arusha huuona umechongoka, mzima. Lakini akizunguka mpaka upande wa mashariki hushangaa, maana upande huo haupo. Zamani sana, miaka elfu kadhaa iliyopita, ubavu wa mashariki ulibomoka ukaporomoka kwa ghafula, mawe na matope yakaenea nchi tambarare mbali sana. Katika mashimo yaliyobaki kati ya vilima vya kifusi kile yalikusanyika maji, ndiyo maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi na heroe wekundu. Na ndani ya pengo la mlima umesimama mlima mwingine mdogo wa majivu, mfano wa mtoto kifuani pa mamaye. Moto wake ulionekana mara ya mwisho mwaka 1910, na tangu hapo umelala.

Hayo yote ni kweli, na kila mtoto wa kwetu yampasa ayajue. Lakini yule msichana hakuuliza kazi ya moto. Aliuliza kazi ya watu, nasi tulimficha nyuma ya mlima.

Jioni tulikaa walimu watatu tukisahihisha madaftari, tukasimulia swali lile kama jambo la kuchekesha. Mmoja wetu, aliyekulia Mto wa Mbu, akaweka kalamu chini akasema, "Nanyi hamkumwambia habari za Engaruka?" Tukatazamana. Jina tulilijua, kama mtu ajuavyo jina la jirani asiyepata kumtembelea. Tulijua kimo cha jengo la Wamaya kwa mita, lakini magofu yaliyomo katika mkoa wetu wenyewe, katika Wilaya ya Monduli, hatukuwa tumeyaona kwa macho. Tuliona haya, na haya ile ndiyo iliyotutoa shuleni.

Basi wakati wa likizo tulikodi gari, tukaondoka alfajiri pamoja na wanafunzi wa darasa lile. Tulipita Makuyuni, tukafika Mto wa Mbu, kisha tukaiacha lami tukashika njia ya vumbi kuelekea kaskazini. Mkono wa kushoto ukuta wa Bonde la Ufa ulitufuata muda wote, mrefu na mkavu. Mbele yetu ulionekana Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Tope lake la moto si kama la milima mingine: hutoka jeusi, lina magadi mengi, na likipata unyevu hugeuka jeupe, hata mgeni hudhani ameona theluji.

Tulipofika Engaruka tulipokewa na mzee mmoja wa Kimasai. Watoto wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Kisha akatutangulia kwa miguu.

Kwanza hatukuona kitu. Tuliona mawe, miiba, na mbuzi. Wavulana wawili wakanong'ona kwamba tumepotezewa likizo. Lakini jua lilipopanda kidogo, na macho yalipozoea, mawe yakaanza kujipanga. Huu mstari si wa bahati. Unakwenda, unapinda, unakutana na mwenziwe kwa pembe. Hapa pana uwanja wa mraba, na pembeni mwake mwingine, na mwingine, kama vyumba vya nyumba isiyo na paa. Yalikuwa ni mashamba. Mashamba hayo ya kale yaenea kilomita za mraba zipatazo 20, na kati yake ipo mifereji iliyoleta maji kutoka katika mito ishukayo ukutani mwa Bonde la Ufa. Juu yake, kwenye mteremko, yapo masazo ya vijiji: viwanja vilivyosawazishwa kwa kuta za mawe ili nyumba zipate kusimama. Kazi yote ilifanywa kwa mawe matupu, bila chokaa wala saruji.

Ndipo tukawakusanya watoto chini ya mgunga, tukawasomea yale tuliyokuwa tumeyakusanya. Mzungu mmoja Mjerumani, Gustav Fischer, alipita hapa mwaka 1883 akaandika alichokiona. Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey, akakisia kwamba mahali hapa walikaa watu zaidi ya 30,000. Wataalamu waliofuata walipunguza hesabu hiyo, kwani walitambua kuwa si mashamba yote yaliyolimwa wakati mmoja. Kwa kupima makaa ya kale wamejua kuwa watu waliishi hapa tangu karne ya 15 mpaka karne ya 18 hivi. Wameona mbegu za mtama zilizoungua, na mifupa ya ng'ombe na mbuzi. Tena wamegundua jambo la kustaajabisha: sehemu nyingine za mashamba hazikuwa na udongo mzuri tangu mwanzo. Wenyeji walijenga kuta ndogo, wakayaongoza maji yenye matope yapite humo polepole, matope yakatua, nao wakaongeza ukuta. Hivyo kidogo kidogo waliujenga udongo wenyewe.

Tukawakumbusha matuta ya Caracol. Watu wa huko na watu wa hapa hawakujuana kamwe, tena walitengwa na bahari na mamia ya miaka. Lakini shida yao ilikuwa moja, yaani udongo na maji, na jibu lao lilikuwa jiwe juu ya jiwe. Tofauti ni kwamba Wamaya waliacha na minara, na wa Engaruka waliacha mashamba. Macho ya mgeni huuona mnara mara moja, shamba hulipita.

Yule msichana akamwuliza mzee, "Babu, walikuwa watu gani?"

Mzee akajibu, "Mjukuu wangu, sisi Wamasai tuliyakuta mawe haya. Lakini nikiyatazama najua kwamba walikuwa watu walioiogopa njaa kuliko kazi."

Wako wasemao kwamba wazao wao ni Wasonjo, wakaao magharibi ya Ziwa Natron, ambao mpaka leo hulima kwa mifereji. Wengine huwataja Wairaki wa Mbulu. Kwa nini waliondoka, wataalamu hubishana: wengine hutaja kuchoka kwa udongo, wengine kuja kwa wafugaji wenye nguvu. Lakini wengi hutaja maji, na kwa hilo kuna ushahidi ambao hata mtoto aweza kuuona. Mto Engaruka ungali ukitiririka, nao wanywesha mashamba ya watu wa leo. Ila mifereji mingine ya kale yaanzia katika makorongo ambayo siku hizi ni makavu sehemu kubwa ya mwaka. Mfereji upo, mto haupo.

Saa ya kula ilipofika ndipo tulipokosa. Tuliketi juu ya ukuta mmoja, sisi walimu tukiwa wa kwanza, na watoto wakatufuata. Mawe yakaporomoka, watoto wakacheka, nasi tukaendelea kula. Mzee hakusema neno. Alisimama, akaweka fimbo yake chini, akaanza kuyarudisha mawe moja moja. Alilishika kila jiwe, akaligeuza, akalijaribu, akalitoa, akalijaribu tena mpaka likakaa. Tulimwomba radhi. Akasema, "Hili lilipangwa na mtu. Tena hakulipanga peke yake." Watoto wakaacha kucheka, wakainuka kumsaidia.

Njiani kurudi, maneno hayo yalituandama, na sababu yake tutaisema bila kujificha. Shule yetu hupata maji ya bustani kutoka katika mfereji ushukao mlimani Meru, uliochimbwa na wazee wa zamani. Waarusha na Wameru wamelima kwa mifereji tangu enzi za mababu zao. Kila mwaka wenye mashamba hukutana siku moja kuuzibua na kulitengeneza banio. Kwa miaka mitatu sisi hatukwenda. Tulisema watoto wana mitihani, tukalipa faini, tukaona yamekwisha. Wazee waliipokea faini, lakini hawakufurahi. Na mwaka ule maji yalipopungua, wa juu na wa chini waligombana mpaka usiku, kila mtu akifungua kwa zamu yake na ya mwenziwe. Sisi tuliwasikia kutoka nyumbani kwetu, tukasema hayo si mambo ya shule.

Sasa tulielewa kwamba fedha haizibui mfereji. Engaruka haikujengwa na mfalme ambaye jina lake limeandikwa ukutani, wala haikulindwa kwa faini. Ilisimama kwa miaka mia kadhaa kwa sababu kila mtu alitoka na jembe lake siku aliyoitwa, na maji yalipita kwa jirani kabla ya kufika kwake.

Siku ya mfereji ilipofika tena, tulifunga madarasa kwa nusu siku. Tulipofika kwenye banio, wazee walitutazama kwanza, kisha mmoja akasema, "Karibuni walimu. Tulidhani mnakunywa wino." Tulistahili. Watoto waliingia majini, wakatoa matope na majani ya migomba. Yule msichana alipewa kazi ya kuziba tundu la banio kwa mawe. Tulimwona akilishika jiwe, akaligeuza, akalijaribu, akalitoa, akalijaribu tena. Hakuna aliyemfundisha siku ile; alikuwa amekwisha fundishwa.

Juma lililofuata tulirudia somo. Chini ya Caracol tukaandika ubaoni Engaruka, na chini ya Engaruka watoto wenyewe wakataka liandikwe jina la mfereji wetu. Tulisita kidogo, kwani haumo katika kitabu chochote. Kisha tukauandika.

Ndugu walimu, huenda karibu na shule zenu pia pana mawe ambayo mbuzi huyakanyaga na watu huyapita. Waulizeni wazee kabla hawajaondoka, mkawapeleke watoto wakayaone. Lakini msiketi juu yake.