Kabla ya kumkatia baba tiketi

Kwa miaka minne mzee huyo wa Tabata, Dar es Salaam, hakuvuka Kibaha. Kila mwaliko ulipokuja alikuwa na sababu. Mara kuku wameingiwa na kideri, mara kuna kikao cha mtaa, mara fundi anakuja kuangalia paa. Harusi ya mpwa wake Dodoma ilipita. Msiba wa rafiki aliyefanya naye kazi bandarini nao ulipita, akatuma rambirambi kwa simu. Watoto wakaanza kunong’ona kwamba uzee umemfanya baba asipende watu.

Mwaka huu mama alitimiza miaka 68, na watoto wanne wakachangishana ili wazazi wapate wikiendi moja ya kupumzika. Kwenye kundi la familia la WhatsApp mapendekezo yalimiminika. Kaka mkubwa alitaka Zanzibar. Anayemfuata alitaka Lushoto kwa sababu ya baridi. Kitinda mimba, binti, akaandika swali moja: “Kuna aliyewauliza wenyewe?”

Hakuna aliyejibu. Jumamosi akaenda nyumbani.

Alimkuta mama barazani anachambua mchele. Mama hakuhitaji kufikiri: anataka Morogoro. Dada yake mkubwa yuko huko, na magoti hayamruhusu tena kuja Dar es Salaam. Baba naye alisema waende tu salama, yeye atabaki na kuku.

Mama alingoja mumewe atoke kwenda dukani, ndipo akashusha sauti. “Baba yenu haogopi safari, mwanangu. Anaogopa basi.”

Miaka minne nyuma walikuwa wakirudi kutoka Dodoma. Njiani mzee alimwomba kondakta basi lisimame achimbe dawa. Akaambiwa avumilie mpaka kituo cha chakula. Hakuweza. Alishuka Dar es Salaam amejifunga khanga ya mkewe kiunoni, akapita katikati ya watu akiangalia chini. Tangu siku hiyo hajapanda basi la mbali, na mama aliapishwa asiwaambie watoto.

Binti alibaki ameshika ungo. Wakati wao wanabishana kuhusu baridi na bahari, kumbe kilichomfunga baba nyumbani ni choo.

Tatizo hilo si la mzee huyo peke yake. Tezi dume huongezeka ukubwa kadiri mwanaume anavyozeeka, na ikibana njia ya mkojo mtu huenda haja ndogo mara nyingi, tena bila kuweza kusubiri. Kisukari nacho huleta hali hiyo, na zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo. Wanawake walio na umri mkubwa nao hupata shida ya kushindwa kubana mkojo. Kukojoa mara kwa mara hakumaanishi saratani, lakini ni dalili inayotaka kupimwa badala ya kufichwa.

Wazee wengi huificha kwa njia yenye hatari. Hawanywi maji tangu jioni ya kuamkia safari, au siku hiyo wanaruka dawa ya presha. Mwili unaopungukiwa maji kwenye joto huleta kizunguzungu na kuanguka, na presha iliyoachwa bila dawa inaweza kupanda. Kama dawa inasumbua safarini, anayepaswa kubadilisha saa ya kuinywa ni daktari, si abiria.

Kuanzia hapo binti alipanga safari upya, na swali la kwanza halikuwa hoteli. Zanzibar ilimaanisha teksi, boti na ngazi za kupanda na kushuka. Lushoto ilimaanisha basi, kisha kona za mlima kutoka Mombo. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024 na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, ina vyoo ndani. Unapanda Dar es Salaam, unashuka Morogoro, hakuna kubadilisha chombo njiani. Dodoma nayo inafikika hivyohivyo, lakini muda wake ni karibu mara mbili. Kwa mtu aliyekaa miaka minne bila kusafiri, Morogoro ilitosha kwa kuanzia.

Hata hivyo, aliona kwamba muda ulioandikwa kwenye ratiba si wote. Kuna foleni ya kutoka Tabata, ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, na mwendo ndani ya stesheni. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si katikati ya mji, hivyo bado kuna gari la kuchukua. Akachagua treni inayofika kabla ya giza, akampangia dereva wa kuwapokea. Kaka mkubwa alitaka baba akae dirishani aone nchi. Binti akasema hapana: dirishani akae mama, baba akae upande wa njia ili ainuke bila kumwomba mtu. Dawa zote zikawekwa kwenye mkoba wa mama, si kwenye begi kubwa.

Kilibaki kumwambia mwenyewe bila kumvunjia heshima. Alimfuata bandani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Nimeangalia ile treni ya Morogoro. Ina vyoo ndani.”

Mzee aliendelea kumwaga pumba. “Ndani kabisa?”

“Ndani kabisa.”

“Na kinafunguliwa hata inapokwenda?”

“Hata inapokwenda, baba. Humwombi mtu.”

Alinyamaza mpaka debe likaisha. “Basi huyo fundi wa paa nitamwambia aje wiki ijayo,” alisema.

Waliondoka Ijumaa. Mama alisimulia baadaye kwamba baada ya Ruvu mzee aliinuka bila kusema kitu, naye hakumuuliza anakwenda wapi. Aliporudi hakuketi mara moja. Alisimama kidogo kunyoosha miguu, jambo jema kwa damu ya mtu aliyekaa muda mrefu, kisha akaomba chupa ya maji, akanywa nusu nzima. Milima ya Uluguru ilipojitokeza alimwonyesha mkewe kwa kidole kama mtu anayemwonyesha shamba lake.

Huko hawakufanya makubwa. Mama na dada yake walikaa ukumbini siku mbili wakisemana na kucheka, miguu ikiwa juu ya vigoda. Mzee alitembea hadi sokoni asubuhi kabla ya jua kali, akarudi na ndizi.

Jumapili usiku, wakiwa nyumbani tena, alimpigia binti yake simu. Alishukuru kwa maneno machache, kama kawaida yake. Kabla ya kukata aliuliza mambo mawili: kutoka hapa hadi Dodoma treni inachukua muda gani, na kliniki ya mkojo huwa ni siku gani.