Alama Mbili za Mshangao

Wachambuzi wa sataranji waliweka alama mbili za mshangao baada ya hatua ya ajabu tangu zamani, kabla ya kompyuta kuwepo. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na programu. Ukimaliza mchezo kwenye tovuti ya Chess.com, programu yake inapitia hatua moja moja na kuipa kila moja daraja lake: bora, nzuri, kosa, kosa kubwa. Iliyo adimu ni ile ya alama mbili, nayo ina masharti. Utoe kete yenye thamani iliwe. Ukishaitoa usibaki pabaya. Na usiwe tayari unashinda kirahisi hata bila kuitoa. Anayejifunza hupimwa kwa upole zaidi kuliko bingwa.

Mimi nalipenda sharti ambalo halimo: huhitaji kushinda. Unaweza kutoa ngome kwa ustadi hatua ya 20, ukateleza hatua ya 35 na kufungwa, na alama zako zikabaki palepale. Hatua imepimwa kwa jinsi ubao ulivyokaa ilipochezwa.

Huku kwetu Buger, wilayani Karatu, Tanzania, sisi wakulima wa mbaazi tulikihitaji kipimo hicho mwaka 2017. Misimu michache kabla yake mbaazi ilikuwa imepata bei ambayo wilaya haikuizoea, watu wakaongeza ekari. Agosti 2017, wakati wa mavuno, India, mnunuzi wetu mkuu, ikaweka ukomo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka mzima. Bei ikaporomoka. Magunia yakabaki ndani, na maneno yakaanza: tamaa imewaponza.

Tamaa gani? Mbaazi huvumilia ukame. Hukaa vizuri katikati ya mahindi, na mizizi yake huirudishia ardhi rutuba. Mnunuzi alikuwepo. Mkulima aliyeshika jembe miezi mingi kabla ya Agosti hakuwa na dirisha la kuchungulia mezani kwa serikali ya India. Ndiyo, aliyekopa fedha na kulima mbaazi tupu shamba zima alijiweka pabaya, na huyo sharti la pili lingemkamata. Wengi hawakufanya hivyo. Walipanda kama wazazi wao walivyopanda, mseto, na bado wakachekwa pamoja na yule. Kisha mwaka 2021 India ikaondoa ukomo ule. Je, siku hiyo wakulima walewale ndipo walipopata akili?

Hata hivyo, programu nayo haioni kila kitu. Injini kama Stockfish hupima mamilioni ya nafasi kwa sekunde kwenye kompyuta nzuri, lakini haijui kilichopita kichwani mwa mchezaji. Kijana mmoja wa kwetu, mtoto wa dada yangu, alinionyesha simu yake akiwa na furaha tele. Alikuwa amempeleka malkia wake mpaka mstari wa mwisho wa mpinzani, ngome ya mpinzani ikamla. Ngome yake yeye ikapita njia ileile, ikaila ile iliyomla malkia, na mfalme wa mpinzani akawa amefungwa nyuma ya askari wake mwenyewe watatu, hana pa kutokea. Alama mbili za mshangao. Nikamuuliza, "Uliona nini ulipomtoa malkia?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, nilidhani ataogopa kumla."

Simlaumu. Tulipanga kete upya tukaipitia nafasi ile mpaka akaeleza mwenyewe kwa nini mfalme yule hakuwa na njia, na nadhani maelezo yale yalikuwa na thamani kuliko sifa ya simu. Sifa aliyoipata kwa kubahatisha ingemfundisha kumtoa malkia kila siku.

Ndiyo maana aliyebahatisha akafaulu na aliyefikiri akaanguka wanahitaji swali moja, na swali hilo hakuna programu inayoliuliza. Kocha mzuri huliuliza kabla ya kufungua kompyuta. Mwalimu wa hesabu huliuliza anaposoma njia kabla ya jibu. Kwenye vikao vyetu vya ukoo, mtu aliyepata hasara akisimamishwa mbele ya watu, naomba nasi tumuulize: siku ile ulipoamua, ulikuwa unaona nini? Tumwache amalize kujibu, ndipo tumhukumu.